Mimba Iliyotafutwa: Maneno Ambayo Mama Hamwambii Muuguzi

Hotuba ifuatayo ilitolewa mjini Karatina na mmoja wa wakunga wa kaunti mbele ya wahamasishaji wa afya ya jamii, wazazi na viongozi wa vikundi vya akina mama kutoka Mathira, Tetu, Othaya, Mukurweini na Kieni. Tunaichapisha jinsi ilivyosemwa, pamoja na majibu ya maswali mawili yaliyoulizwa mwishoni.

Akina baba mliofika nawahesabu mko saba.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo hapa kwetu husemwa kwa sauti ya chini. Ni habari ya mama aliyepata mimba baada ya matibabu ya uzazi: aliyemeza vidonge vya kukomaza mayai, aliyechomwa sindano za homoni, au aliyefanyiwa IVF, yaani yai na mbegu ya mwanamume vikutanishwe katika maabara, kisha kiinitete kirudishwe tumboni. Sitakaa sana kwenye jinsi mimba hiyo inavyopatikana. Nataka tuongee juu ya yanayofuata baada ya kipimo kuonyesha mistari miwili, kwa sababu hapo ndipo sisi wa zahanati na hospitali za kaunti tunapoingia, na mara nyingi tunaingia bila kuambiwa lolote.

Kliniki nyingi za IVF ziko Nairobi. Mama wa Nyeri, Nanyuki au Kerugoya hupanda matatu alfajiri, hutibiwa huko, hurudi jioni, na akishapata mimba hufika kwetu kama mama mwingine yeyote. Tunampima uzito, presha, damu na mkojo. Tunamuuliza hii ni mimba ya ngapi na hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Anatutajia tarehe ya kubuni, kwa sababu tarehe ya kweli ingetuonyesha kuwa mimba ilipandikizwa. Karatasi za Nairobi zimebaki nyumbani chini ya godoro. Na muuguzi, ambaye ana akina mama thelathini wanaongoja kwenye benchi, anaandika "mimba ya kawaida" na kumwita anayefuata.

Sababu ya kuficha tunaijua wote. Mkikuyu humwita mtoto wa kwanza wa kiume jina la babake mume, na wa kwanza wa kike jina la mamake mume. Basi mwanamke asipozaa, haikosekani tu sauti ya mtoto nyumbani. Guka na cucu hawajaitwa, na kila sherehe ya ukoo humkumbusha hilo. Lugha yetu ina neno lake, thaata, nami sipendi kulitamka mbele ya watu. Aliyeishi na neno hilo miaka minane, kisha akapata mimba, hataki mtu aseme kuwa mimba yenyewe ni ya maabara. Mume naye, ikiwa tatizo lilikuwa upande wake, hataki kabisa. Na iko upande wa mwanamume mara nyingi kuliko tunavyokubali: katika karibu nusu ya ndoa zinazotafuta mtoto bila kupata, mbegu za mume zina mchango katika tatizo hilo, peke yake au pamoja na la mke.

Kwa hiyo kwanza tuondoe aibu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hivi duniani hupatwa na ugumba wakati fulani maishani. Mtoto wa kwanza wa IVF, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Leo ni mama mwenye watoto wake mwenyewe, waliopatikana bila maabara yoyote. Nchini Kenya watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Nairobi mwaka 2006, chini ya Daktari Joshua Noreh. Duniani sasa wamezaliwa mamilioni. Wengi wao, na hili mlibebe mrudi nalo vijijini, huzaliwa wazima na hukua kama wenzao. Sikuja hapa kumtisha mtu.

Nimekuja kusema kwamba mimba hizi zina hatari zake, kwamba hatari nyingi kati ya hizo tuna njia ya kuzizuia au kuziwahi, na kwamba njia hizo hazifanyi kazi kama hatujaambiwa.

Nianze na ile iliyo karibu nasi kabisa, kwenye duka la dawa. Kuna kidonge kiitwacho klomifeni, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Clomid. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Huiambia akili ituome homoni zaidi, na homoni hizo hulihimiza yai likomae. Taabu ni kwamba mara nyingine hukomaa mayai mawili au matatu kwa pamoja. Mimba ya kawaida huwa ya pacha mara moja au mbili hivi katika mia. Mimba ya klomifeni huwa ya pacha mara saba hadi kumi katika mia. Sindano za homoni zina uwezekano mkubwa zaidi wa pacha, hata watatu. Ndiyo maana daktari anayefuata taratibu humpiga mama skani katikati ya mwezi ahesabu mayai, na yakiwa mengi mno humwambia wasikutane mwezi huo. Dada aliyenunua vidonge kwa sababu jirani alifanikiwa navyo hana wa kumhesabia mayai. Wengine humeza dozi mara mbili wakidhani watafika haraka. Ninyi wahamasishaji mnaingia nyumba kwa nyumba: mkiona pakiti hiyo mezani, msimgombeze. Mwulizeni tu kama amewahi kupigwa skani, na mwelekezeni kwa daktari wa akina mama.

Sasa, pacha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pacha ndiyo hatari kubwa kuliko zote katika mambo haya, na ndiyo hatari inayopigiwa vigelegele.

Naelewa kwa nini. IVF mara moja hapa nchini kwa kawaida huanzia laki nne au tano, na watu hulipa kutoka mifukoni mwao. Kuna walioingoja bonasi ya majani chai miaka miwili, kuna waliochukua mkopo wa Sacco, kuna waliouza robo ya shamba. Mtu aliyelipa hivyo akiulizwa, "Tukurudishie kiinitete kimoja au vitatu?" atasema vitatu. Anadhani ananunua uhakika. Na akipata wawili, guka ameitwa na cucu ameitwa kwa safari moja, deni limelipika.

Lakini tumbo la uzazi la binadamu limeumbwa kwa mtoto mmoja. Wakiwa wawili, zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37. Wakiwa watatu, kwa kawaida huja karibu wiki ya 32 au 33, na mapafu yao hayajawa tayari kwa hewa ya huku kwetu. Mama naye huandamwa na presha ya mimba, sukari ya mimba, upungufu wa damu, upasuaji, na kuvuja damu baada ya kujifungua, kwa sababu tumbo lililotanuka kupita kiasi huchelewa kujikaza. Mtoto mmoja wa gramu 3,200 ni baraka tulivu. Watatu wa gramu 1,400 kila mmoja ni wiki nyingi za nasari ya watoto wachanga, oksijeni, mirija ya puani, na mama anayelala kwenye kiti.

Nchi zilizotangulia kwenye tiba hii zimejifunza hilo kwa gharama. Sweden iliweka kanuni mwaka 2003 kwamba kwa kawaida kirudishwe kiinitete kimoja tu, na vingine vihifadhiwe kwenye barafu. Uingereza ilianza kuhimiza vivyo hivyo, na kiwango cha uzazi wa pacha na zaidi kutoka kwa IVF kikashuka kutoka 24 katika mia mwaka 2008 hadi 6 katika mia mwaka 2019. Idadi ya wanaopata mtoto haikuporomoka, kwa sababu kile cha pili hurudishwa mwezi mwingine kama cha kwanza hakikushika. Marekani kwa upande wake ilimshuhudia, Januari 2009, mama wa California aliyejifungua watoto wanane baada ya kurudishiwa viinitete kumi na viwili. Daktari aliyefanya hivyo alinyang'anywa leseni mwaka 2011. Karibu nasi, Kampala, Novemba 2023, mwanamke wa miaka 70 alijifungua pacha wa IVF. Magazeti yalishangilia umri wake. Mimi kama mkunga nilisoma mstari wa chini: watoto walitolewa kwa upasuaji wakiwa na wiki 31 na kupelekwa kwenye inkubeta. Wanashukuru Mungu walikuwa ndani ya hospitali kubwa.

Hapa Kenya, Mheshimiwa Millie Odhiambo wa Suba Kaskazini amesukuma kwa miaka mingi Bungeni mswada wa kusimamia tiba hizi. Mimi si mwanasiasa, ila kwa mama anayekwenda Nairobi kesho sheria ya kumlinda leo ni swali lake mwenyewe. Amuulize daktari: "Mtanirudishia vingapi, na kwa nini?" Kama ni chini ya miaka 35 na viinitete ni vizuri, jibu la busara kwa kawaida ni kimoja.

Nipite haraka kwenye hatari za mwanzo, lakini mzisikilize, kwa maana zinamkuta mama akiwa ameshafika nyumbani.

Ya kwanza ni ovari kuvimba kupita kiasi kwa ajili ya zile sindano. Hutokea siku chache baada ya mayai kuvunwa, au wiki moja na nusu hadi mbili baadaye kama mimba imeshika. Tumbo hujaa kama ngoma, mama hutapika, uzito hupanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo hupungua, pumzi hubana. Damu huwa nzito na huweza kuganda miguuni au mapafuni. Aina kali hupata wachache, lakini huua. Tatizo letu ni kwamba mwenye dalili hizo akija bila kusema ametoka kuvunwa mayai, atatibiwa taifodi au amiba na kurudishwa nyumbani. Sentensi moja tu, "nilivunwa mayai Jumatatu iliyopita," inabadilisha kila kitu.

Ya pili ni mimba kutunga nje ya tumbo la uzazi. Watu hushangaa: si kiinitete kiliwekwa ndani? Kiliwekwa, lakini huweza kutangatanga hadi kwenye mrija, hasa mrija ulioharibiwa na maambukizi ya zamani, na mirija iliyoharibika ndiyo sababu kubwa inayowapeleka wanawake wa Afrika kwenye IVF tangu hapo. Wakirudishiwa viwili, kimoja huweza kukaa mahali pake na kingine kwenye mrija. Kwa hiyo skani ya mapema, wiki ya sita au ya saba, si ya kuruka. Maumivu ya upande mmoja, kutokwa damu, kizunguzungu, maumivu ya bega: hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Na hapo hapo kuna dawa za projesteroni, za kumeza au za kuweka ukeni, ambazo mama wa IVF hupewa ziishikilie mimba mpaka karibu wiki ya 10 au 12. Nimeona akina mama wakiziacha kwa sababu wamemaliza pakiti na hawana nauli, au mama mkwe ameziona. Asiache mpaka aambiwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja leo.

Presha ya mimba, ile ambayo ikizidi huleta kifafa cha mimba, huwapata zaidi akina mama waliotibiwa, hata wakibeba mtoto mmoja. Sehemu ya sababu si tiba yenyewe. Mara nyingi mama huyu ana miaka 38 au 42, ana uvimbe kwenye tumbo la uzazi, ana uzito au sukari. Lakini tiba nayo ina mchango. Kiinitete kilichogandishwa, kikirudishwa katika mwezi ulioendeshwa kwa dawa tupu bila yai la mama kukomaa, huja na presha zaidi. Na anayebeba mimba ya yai la kupewa na mwanamke mwingine yuko kwenye hatari mara mbili au zaidi ya yule wa IVF aliyetumia yai lake. Mwili wake unalea kitu ambacho hakina damu yake hata nusu, na kondo huchelewa kuelewana nao.

Kwa mama aliye kwenye hatari kubwa ya presha, Shirika la Afya Duniani linapendekeza aspirini ya kipimo kidogo, miligramu 75 kwa siku, na wanaokula kalsiamu kidogo waongezewe. Ni vidonge vya shilingi chache. Lakini aspirini hii ina dirisha lake: ianze baada ya wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 20, wakati kondo bado linajenga mishipa yake. Baada ya hapo faida yake hupungua sana. Sasa nyinyi mnajua mama wa kwetu huanza kliniki lini. Mwezi wa tano. Wa sita. Na huyu mwenye siri huja akiwa amechelewa zaidi, kwa sababu aliogopa mimba isishike kisha watu wacheke. Dirisha limefungwa, na hakuna aliyejua kuwa lilikuwepo.

Nitawaeleza kisa kimoja, nimebadilisha mambo machache mama asitambulike. Aliletwa usiku akiwa na mimba ya wiki 30, presha 180 kwa 120, kichwa kikimuuma, macho yakiona vimulimuli. Kitabu chake cha kliniki, cha kituo nisichokitaja, kilisema mimba ya kawaida. Mama mkwe alikuwa kando ya kitanda akijibu maswali yote. Daktari alipomwomba atoke nje kidogo, mama yule alishika mkono wangu akasema kwa Kikikuyu, taratibu, kwamba yai halikuwa lake. Alikuwa ameyabeba maneno hayo miezi saba. Alipasuliwa usiku ule. Mtoto alikuwa wa gramu 1,250 na alikaa nasi wiki saba. Wote wawili walitoka wakiwa hai, na mama mkwe mpaka leo hajui, wala si kazi yetu kumwambia.

Mama aliyekuja kliniki wiki ya 10 akasema maneno yale yale angepewa aspirini, angepimwa presha kila wiki mbili badala ya kila mwezi, na huenda mtoto angefika wiki ya 36. Siwezi kuapa, lakini ndivyo ilivyo kwa wengi.

Najua swali lenu: atasemaje bila mtaa mzima kujua? Hili tulijadili sana na wenzangu. Kwanza, muuguzi hana ruhusa ya kulitangaza. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Muuguzi anayepiga porojo anavunja sheria. Pili, mama anaweza kuomba dakika moja ya faragha kabla ya kupimwa, hata kama amekuja na mtu. Tatu, na hili ni la vitendo: kile kijitabu cha mama na mtoto husomwa na kila mtu nyumbani. Mama aombe jambo lenyewe liandikwe kwenye faili inayobaki hospitalini, na kwenye kijitabu iandikwe tu "mimba ya uangalizi wa karibu". Hakuna cucu atakayeuliza zaidi ya hapo, na akiuliza, aambiwe ni presha.

Ninyi wahamasishaji, kama mmeambiwa siri hii kikaoni nyumbani, msiiandike kwenye daftari ambalo mtoto wa jirani anaweza kulifungua. Mwelekezeni mama kwa muuguzi, na mnyamaze.

Kuna mambo ya kondo pia. Baada ya IVF, kondo hukaa chini, juu ya mlango wa uzazi, mara kadhaa zaidi kuliko kawaida. Mama wa namna hiyo akianza uchungu zahanati, damu humwagika na hakuna chumba cha upasuaji. Skani ya wiki ya 20 huonyesha, na irudiwe karibu wiki ya 32 kama kondo lilikuwa chini. Sukari ya mimba ipimwe kati ya wiki ya 24 na 28.

Na mahali pa kujifungulia papangwe mapema. Mimba hizi ziende hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu ya kuongezea na nasari ya watoto wachanga. Kwetu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti hapo Nyeri mjini, na kwa majirani zetu ni hospitali kubwa za Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Mtu wa Kieni ndani, barabara ya tope mwezi wa nne, asingoje uchungu. Mwenye pacha asogee karibu na mji kuanzia wiki ya 34, kwa dada, kwa shangazi, popote. Ada ya SHA iwe imelipwa. Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2024 hulipia uzazi wa kawaida shilingi 10,000 na upasuaji shilingi 30,000, na kujiandikisha usiku wa uchungu ni mateso ya bure.

Sasa mtoto. Watu huniuliza kama mtoto wa IVF huzaliwa na kasoro. Utafiti mkubwa wa Australia Kusini, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kasoro za kuzaliwa kwa watoto 8.3 katika mia baada ya matibabu ya uzazi, na 5.8 katika mia bila matibabu. Tofauti ipo. Lakini umri na afya ya wazazi vilipohesabiwa, tofauti ya IVF ya kawaida karibu ilitoweka. Iliyobaki ni ile ambapo mbegu moja hudungwa kwa sindano ndani ya yai, na hapo hatujui kama ni sindano au ni ile mbegu dhaifu iliyoifanya sindano ihitajike. Geuzeni hesabu hiyo: zaidi ya tisini katika mia hawana kasoro yoyote. Skani ya wiki ya 20 ifanywe na mtu anayejua kuangalia moyo wa mtoto, basi.

Hatari kubwa ya mtoto huyu ni kuzaliwa mapema na mdogo, hata akiwa peke yake, na zaidi akiwa pacha. Kwa mtoto wa gramu chini ya 2,500 dawa ya kwanza ni kifua cha mama. Mwaka ule ule wa 1978 alipozaliwa Louise Brown, madaktari wa Bogotá, Kolombia, walioishiwa na inkubeta walianza kuwafunga watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu. Leo Shirika la Afya Duniani linataka ianze mara tu mtoto anapozaliwa, saa nane hadi 24 kwa siku. Baridi yetu ya Julai, ile ya gathano, inaua watoto wadogo kimya kimya. Blanketi tatu hazishindi kifua. Baba anaweza kumbeba pia, na nyinyi saba mlioko hapa nendeni mkawaambie wenzenu, kifua cha mwanamume kina joto lile lile.

Aliyezaliwa chini ya wiki 32, au aliyekaa sana kwenye oksijeni, apimwe macho akiwa na wiki nne hivi. Kuna ugonjwa wa mishipa ya macho unaopofusha, na unatibika ukiwahiwa tu. Chanjo zifuate siku aliyozaliwa, zisicheleweshwe kwa sababu ni mdogo. Ila kuketi, kutambaa na kusema, hesabuni kutoka siku aliyopaswa kuzaliwa. Aliyetangulia miezi miwili msimlinganishe na wa jirani.

Mama naye hajamaliza. Presha huweza kupanda baada ya kujifungua, hata wiki ya sita, kwa aliyekuwa sawa siku zote. Kichwa kikali na macho kufifia baada ya uzazi si uchovu. Na kuna huzuni. Mama aliyengoja miaka kumi, akajifungua, kisha akajikuta analia kila jioni, hathubutu kumwambia mtu. Atasemaje hana furaha, na watu walichanga? Mwulizeni ninyi. Mwulizeni moja kwa moja: "Unalala? Unakula? Kuna wakati unatamani usiwepo?" Akisema ndiyo kwa la mwisho, msimwache peke yake siku hiyo.

Majibu ya maswali

Dada wa Mukurweini ameuliza kama mama wa IVF anahitaji kupanga uzazi, maana si hawezi kushika mimba. Anaweza. Wengi hushika wenyewe baadaye, hasa kama shida ilikuwa ya mayai kutokomaa au ilikuwa haijulikani. Mimba ya pili ndani ya mwaka, juu ya mshono wa upasuaji, ni hatari kuliko IVF yenyewe. Apewe ushauri wa uzazi wa mpango kama mama mwingine yeyote, kabla hajatoka wodini.

Mhamasishaji wa Othaya anasema ana mama wa miezi saba katika eneo lake, alishindwa kusema, na sasa anaogopa ataulizwa alikuwa wapi. Aje wiki hii. Aspirini huenda imepita, mengine yote bado. Tutampima presha na mkojo, tutaangalia kondo liko wapi, tutahesabu upya wiki kwa tarehe ya kweli ya kupandikizwa, tutapanga hospitali ya kujifungulia. Aje na zile karatasi za Nairobi ndani ya bahasha, amkabidhi muuguzi mkononi, na kama hataki kutamka lolote, bahasha inatosha.